VPN ya ofisi au hodi kwenye kila mlango? Ulinganisho kwa kampuni inayokua yenye wafanyakazi wa mbali

Kampuni ikiwa na watu kumi na wawili wanaokaa ghorofa moja, ulinzi wa mtandao wake ni mlango wa ofisi na mlinzi wa getini. Ikifika watu sitini mambo hubadilika. Mhasibu anafanyia kazi nyumbani Mbezi, watu wa mauzo wako Mwanza na Arusha, mtengeneza programu mmoja yuko Nairobi, na mkurugenzi anaidhinisha malipo akiwa uwanja wa ndege. Mlango wa ofisi umebaki ukilinda viti. Hapo ndipo mtu wa TEHAMA anapoulizwa kikaoni: tuongeze akaunti za VPN, ile njia ya kumuunganisha mtu wa mbali na mtandao wa ofisi, au tuhamie kwenye hiyo inayoitwa ziro trasti (zero trust), yaani kutomwamini mtu kwa sababu tu yumo ndani ya mtandao?

Nimeulizwa swali hilo nikiwa mimi ndiye mtu wa TEHAMA, na jibu langu nalitoa mapema ili msomaji anipime nalo. Kampuni ya watu kati ya 20 na 150 isinunue VPN mpya. Programu zake za kivinjari iziweke nyuma ya lango la utambulisho, linalomuuliza kila mtu ni nani kabla ya kumpitisha; seva chache zilizobaki iziweke kwenye mtandao wa WireGuard (teknolojia huria ya kuunganisha vifaa kwa njia iliyosimbwa) wenye ruhusa finyu, na VPN ya zamani iipangie tarehe ya kuzimwa. Zipo hali ambazo ningemwambia mtu abaki na VPN kwa muda, nazo nitazitaja.

Vitu vitatu tunavyolinganisha

Cha kwanza ni VPN tuliyoizoea. Mfanyakazi anaweka jina na nenosiri, handaki linafunguka kati ya kompyuta yake na ruta ya ofisi, na kuanzia hapo ni kama amechomeka waya kwenye swichi ya ofisini. Ofisi nyingi ndogo za kwetu huiendesha kwenye ruta ya MikroTik kwa L2TP, aina ya zamani ya VPN. Mara nyingi ule ufunguo wa pamoja unaotangulia nenosiri ni mmoja kwa watu wote, na upo kwenye kundi la WhatsApp tangu mwaka wa kwanza wa kampuni.

Cha pili ni mtandao wa vifaa uliojengwa juu ya WireGuard, kama Tailscale na NetBird, au Headscale kwa anayetaka kuendesha mwenyewe seva ya uratibu, ile inayovikutanisha vifaa. Kila kifaa kina ufunguo wake, vifaa huzungumza moja kwa moja kila inapowezekana, na kuna orodha ya ruhusa inayosema nani anaifikia seva gani kwenye poti gani, yaani mlango upi wa huduma.

Cha tatu ni lango la utambulisho, kama Cloudflare Access, Identity-Aware Proxy ya Google, au Pomerium kwa wapenda programu huria. Hapa mfanyakazi haingii kwenye mtandao wa ofisi hata kidogo. Anafungua anwani ya programu kwenye kivinjari, lango linamuuliza ni nani, na likipangwa hivyo linakagua pia kifaa chake. Kisha linampitisha kwenye programu ile moja aliyoiomba.

Cha pili na cha tatu ndivyo vinavyobeba wazo la ziro trasti. Jina hilo lilipata umaarufu mwaka 2010 kupitia John Kindervag, aliyekuwa mchambuzi wa kampuni ya utafiti ya Forrester. Google nayo ilianza kujenga mfumo wake wa BeyondCorp baada ya kudukuliwa mwaka 2009, na ikaueleza hadharani mwaka 2014. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliandika mwongozo wake namba 800-207 mwaka 2020. Ukiondoa maneno mengi, kinachosemwa humo ni kwamba kuwa ndani ya mtandao kusihesabiwe kuwa sababu ya kuaminiwa.

Sisi tuliolelewa katika nyumba za Kiswahili hatuhitaji mchoro wa kulielewa hilo. Mgeni hupokelewa barazani. Akikaribishwa ndani hufika ukumbini, na uani kwa wenyeji hafiki mpaka apige hodi nyingine na aitikiwe. Kukaribishwa jana hakumpi mtu ruhusa ya kufika jikoni leo. VPN ya kawaida ni kumpa mgeni ufunguo wa mlango wa mbele huku vyumba vyote vikiwa wazi.

Nenosiri likiibwa

Hapa ndipo tofauti ilipo kubwa kuliko kote. Mwezi Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani, inayosafirisha karibu nusu ya mafuta ya pwani ya mashariki ya nchi hiyo, ilifunga bomba lake kwa siku kadhaa na kulipa fidia ya bitcoin 75, wakati huo takriban dola milioni 4.4. Wadukuzi waliingia kwa akaunti moja ya VPN ambayo haikuwa ikitumika tena. Nenosiri lake lilikuwa limevuja, na akaunti haikuwa na uthibitishaji wa hatua ya pili, ule unaodai kitu kingine baada ya nenosiri.

Jambo la aina hiyo, kwa udogo wake, nililikuta kwenye kampuni niliyokuwa naihudumia. Ofisa mauzo mmoja alikuwa ameondoka miezi minane nyuma. Barua pepe yake ilifungwa siku aliyoaga, lakini akaunti yake ya VPN ilikuwa kwenye orodha nyingine, ndani ya ruta, na hakuna aliyeikumbuka, nami nikiwemo. Kumbukumbu za ruta zilionyesha ameingia mara mbili tangu aondoke. Hakuchukua kitu cha kampuni, ila kwa akaunti ile angeweza kuifikia seva ya mishahara, kamera za ofisi na hifadhi ya faili za wakurugenzi. Sikulala vizuri wiki ile.

Kwenye lango la utambulisho hakuna orodha ya pili. Mtu anaingia kwa akaunti yake ya kazi ya Google au Microsoft, na ukiifunga hiyo hawezi kujithibitisha tena popote. Bado kuna jambo la kuangalia: kikao (session) alichokwisha kufungua kwenye programu huendelea mpaka muda wake uishe, kwa hiyo mtu akiondoka kwa ugomvi futa na vikao vyake.

Mtandao wa WireGuard unataka uangalifu zaidi hapo. Tailscale, kwa mfano, ukiiacha na mpangilio wake wa awali, ufunguo wa kifaa hudumu siku 180 kabla ya kudai uthibitisho upya. Ukifunga akaunti ya Google ya mfanyakazi na ukasahau kukitoa kifaa chake kwenye orodha, kompyuta aliyoondoka nayo inaweza kuendelea kuunganishwa. Punguza siku hizo, na uandike hatua ya kuondoa kifaa kwenye fomu ileile ambayo idara ya utumishi huitumia kupokea kitambulisho na laptopu.

Lango lenyewe likiwa na tundu

Kifaa cha VPN kinakaa kwenye intaneti mlango wake ukionekana na dunia nzima. Januari 2024 matundu mawili ya usalama yaligunduliwa kwenye VPN za Ivanti Connect Secure yakiwa tayari yanatumiwa na wadukuzi. Mwisho wa mwezi huo shirika la usalama wa mitandao la Marekani, CISA, liliziamuru taasisi za serikali kuu ya Marekani kuvikata vifaa hivyo kwenye mitandao yao ndani ya saa 48. Kampuni yenye mtu mmoja wa TEHAMA, anayetengeneza pia printa, haiwezi kwenda kwa kasi hiyo.

WireGuard hunyamaza: haimjibu mtu asiye na ufunguo unaotambulika, hivyo anayepapasa poti kutoka nje hasikii kitu. Msimbo wake ni mfupi sana ukilinganisha na wa VPN za zamani, na tangu Machi 2020 umo ndani ya kiini cha Linux. Lango la utambulisho la wingu lina njia nyingine: seva yako ndiyo inayofungua muunganisho kwenda nje, kwa hiyo kwenye ruta hufungui poti hata moja.

Ila kabla ya kujadili VPN ipi, angalia kama kuna mtu aliyefungua poti 3389 ya Remote Desktop, programu ya kuiendesha kompyuta ukiwa mbali, moja kwa moja kwenye intaneti ili mhasibu afike kwenye seva akiwa nyumbani. Angalia na ya kamera. Nimezikuta kwenye ofisi zilizokuwa zikiniuliza habari za ziro trasti. Kama zipo, acha kusoma hapa ukazifunge kwanza. Hata VPN ya zamani ni afadhali kuliko hizo.

Intaneti tuliyo nayo

Ulinganisho mwingi ulioandikiwa nchi za mbali hudhani faiba haikatiki. Mfanyakazi wa kwetu anaanza asubuhi kwa faiba ya nyumbani, umeme unakatika saa tano, anahamia kwenye bando la simu, jioni anarudi kwenye faiba. VPN ya L2TP hukatika kila anapohama, naye huanza upya. Ina kasoro nyingine inayowasumbua watu bila kujua sababu: wafanyakazi wawili walio nyuma ya ruta moja, mathalani mke na mume walioajiriwa kampuni moja, mara nyingi hugombana kwenye muunganisho, mmoja akiingia mwingine anatoka. WireGuard humtambua mtu kwa ufunguo wake na haijali anwani imebadilika, kwa hiyo huhama naye kimyakimya. Kwa wafanyakazi wa mbali wa Afrika Mashariki, hiyo peke yake ingetosha kunishawishi.

Halafu VPN ya kawaida, kama imepangwa kubeba kila kitu, huleta mzunguko usio na maana. Mtu wa Dodoma akiwa kwenye kikao cha video, sauti na picha yake hupita kwenye laini ya ofisi ya Dar es Salaam kwanza, kisha ndipo itoke nje. Umeme wa ofisi ukikatika na jenereta ikachelewa, wote walioko mikoani wanasimama, hata wale waliokuwa wakitumia barua pepe tu.

Lango la wingu nalo lina udhaifu ambao lazima usemwe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ikadhoofika sana. Siku kama hiyo kumthibitisha mtu kwenye seva zilizo ng'ambo kunaweza kugoma, wakati VPN kati ya nyumba na ofisi za mji mmoja ingeendelea kupita kwenye mitandao ya ndani ya nchi. Tarehe 18 Novemba 2025 Cloudflare yenyewe ilipata hitilafu ya saa kadhaa, na tovuti nyingi duniani zikaanguka nayo. Ndiyo maana sipendi kuweka kila kitu nyuma ya lango moja. Kwenye mtandao wa WireGuard, vifaa vilivyokwisha kutambuana vinaweza kuendelea kuzungumza hata seva ya uratibu ikipotea kwa muda, nami hutaka seva za lazima ziwe na njia hiyo.

Mfumo wa uhasibu usio wa kivinjari

Mauzo ya ziro trasti huonyesha programu za kivinjari, na kwa hizo kweli lango halina mpinzani. Lakini fungua chumba cha seva cha kampuni ya kati ya Kariakoo au Industrial Area ya Nairobi, utakuta Tally, Sage au QuickBooks ya kompyuta imekaa kwenye seva moja ya Windows, pembeni yake folda ya pamoja yenye faili za Excel za miaka kumi. Hivyo haviwekwi nyuma ya lango la kivinjari kirahisi.

Kwa mfumo wa uhasibu kuna njia mbili ninazozipenda. Ya kwanza, weka seva hiyo kwenye mtandao wa WireGuard na uandike ruhusa moja: kundi la wahasibu, seva hii, poti ya Remote Desktop, basi. Mtu wa mauzo haioni hata kama ipo. Ya pili, weka Apache Guacamole, programu huria inayoonyesha Remote Desktop ndani ya kivinjari, kisha uiweke hiyo nyuma ya lango. Ya kwanza ni nyepesi kuisimamisha. Ya pili inafaa kama mkaguzi wa nje anakuja mara moja kwa mwaka na hutaki kugusa kompyuta yake.

Folda ya pamoja sishauri kuivusha popote. Kufungua faili kubwa la Excel kupitia VPN kwa bando la simu ni mateso, na muunganisho ukikatika katikati ya kuhifadhi, faili linaweza kuharibika. Ihamishie kwenye SharePoint au Google Drive, ambako ruhusa zinapangwa kwa mtu, na sababu kubwa ya watu kuhitaji VPN itakuwa imeondoka.

Laptopu za mtumba na simu za watu

Ziro trasti iliyokamilika humuuliza mtu ni nani, ikauliza pia anatumia kifaa gani. Je, diski imesimbwa? Mfumo umesasishwa? VPN ya kwenye ruta haina habari na hayo. Nenosiri likiwa sahihi, hata kompyuta ya kwenye mgahawa wa intaneti inaingia.

Swali la kifaa ni zuri, na ndilo litakalokugharimu. Kampuni nyingi zinazokua hununua laptopu zilizotumika. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11, hasa chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kizazi cha prosesa. Ukiwasha sharti la "mfumo uliosasishwa" siku ya kwanza, unaweza kuwafungia nje theluthi ya wafanyakazi wako. Mimi huanza kwa kutazama tu: lango liandike hali ya kila kifaa bila kumzuia mtu, kwa miezi miwili. Orodha inayopatikana ndiyo unayompelekea bosi kuomba bajeti, tena ikiwa na majina ya kompyuta zinazogusa fedha zikiwa juu.

Simu binafsi ni habari nyingine. Mfanyakazi anapoambiwa aweke programu ya usimamizi, anauliza kama kampuni itaona picha na jumbe zake. Swali hilo ni halali, na anastahili jibu la kweli kabla ya kubonyeza kitu. Kwenye Android, wasifu wa kazi hutenga programu za kampuni na za mtu; kampuni inaweza kufuta upande wake bila kuufikia ule mwingine. Waonyeshe hilo ana kwa ana, kwenye simu yako mwenyewe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina ya 2019, na taarifa za mfanyakazi zinalindwa kama za mteja. Ya Kenya inadai pia uvujaji wenye hatari ya madhara uripotiwe kwa Kamishna ndani ya saa 72, muda ambao usipokuwa na kumbukumbu za nani aligusa nini hautakutosha. VPN itakuambia mtu aliunganishwa saa ngapi. Lango litakuambia alifungua programu ipi.

Hatua ya pili ya kuthibitisha

Hili halina upande. Chochote utakachochagua, lifanye. Na usitumie SMS. Sote tunamjua mtu ambaye laini yake ilisajiliwa upya na matapeli akaamka simu haina mtandao. Hata kubonyeza "kubali" kwenye simu kuna mtego: Septemba 2022 mdukuzi wa Uber alimtumia mkandarasi maombi ya kukubali mfululizo mpaka akakubali moja. Mwezi Julai mwaka huohuo wafanyakazi watatu wa Cloudflare walihadaiwa na ukurasa bandia na kuandika nywila zao. Wadukuzi walikwama kwa sababu kila mfanyakazi alikuwa na ufunguo wa usalama wa kuchomeka, ambao haukubali kufanya kazi kwenye anwani ya bandia. Funguo hizo huuzwa kama dola 30 kila mmoja kwa zile za kawaida. Nunua mbilimbili kwa wahasibu, wasimamizi wa mifumo na wakurugenzi. Wengine watumie programu ya namba za siri kwenye simu, au ufunguo uliomo ndani ya simu yenyewe.

Gharama

VPN ya MikroTik haina leseni, na toleo la 7 la RouterOS lina WireGuard ndani yake, kwa hiyo unaweza kuachana na L2TP bila kununua kitu. Cloudflare haitozi mpaka watumiaji 50. Zaidi ya hapo ni dola 7 kwa mtu kwa mwezi, yaani dola 420 kwa watu sitini. Wenye Microsoft 365 Business Premium, inayoishia watumiaji 300, tayari wanalipia masharti ya uingiaji na usimamizi wa vifaa wa Intune, na wengi wao hawajawahi kuviwasha. Angalia unacholipia sasa kabla ya kumkaribisha muuzaji yeyote.

Nani achague nini

Kama kazi zenu zote ziko kwenye wingu na hakuna seva ofisini, hamhitaji VPN wala WireGuard. Kazeni akaunti za Google au Microsoft, wapeni funguo za usalama wanaogusa fedha, na wekeni lango kwa programu mlizojitengenezea.

Kama mna watengeneza programu wanaoingia kwenye seva na hifadhidata kila saa, anzeni na mtandao wa WireGuard. Kuwalazimisha wapite kwenye kivinjari kwa kila amri kutawafanya watafute uchochoro, na watapata.

Kama kila kitu kiko kwenye seva ya ofisi, watu wa mbali hawazidi watano na fedha za mwaka huu zimekwisha, bakini na VPN. Ila iwe ya WireGuard, kila mtu na ufunguo wake, na kuta za ruta (firewall) ziwaruhusu kufika kwenye seva moja tu. Hiyo nayo ni nusu ya safari.

Wengine wote, ambao ndio wengi, wachanganye kama nilivyosema mwanzo. Nendeni programu moja baada ya nyingine, mkianza na ile inayotumiwa na watu wengi na isiyo na hatari kubwa, kama fomu za likizo, ili watu wazoee hodi mpya mahali ambapo kukwama hakumzuii mtu kulipwa mshahara. Mfumo wa uhasibu uwe wa mwisho.

Wiki mbili kabla ya kuizima VPN, soma kumbukumbu za ruta kila asubuhi na umpigie simu kila ambaye jina lake bado linaonekana. Utagundua kazi ambazo hakuna aliyekuambia zipo. Na kama kampuni iko Tanzania, usiizime kabla ya tarehe 20, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za VAT. Mimi huchagua asubuhi ya siku ya kazi inayofuata, mhasibu akiwa amekaa mezani na namba yangu ya simu iko mbele yake.